Majina Kumi na Manane ya Handakini

Haya yalimpata rafiki yangu Ermete Zorzut, sajini mstaafu aliyekuwa akiandika historia ya rejimenti yake ya askari wa miguu. Asubuhi moja alipanda mlimani na dada yake Nives kupiga picha handaki lililochimbwa ndani ya mwamba, ambamo askari kumi na wanane walifukiwa na mawe mwaka 1917.

"Usikawie," Nives alimwambia, akabaki nje. "Ugali wetu wa polenta ukipoa utautafuna kama jiwe."

Ermete alipofika kwenye kifusi, upepo uliubamiza mlango wa chuma wa kuingilia nyuma yake, ukakwama. Tochi ikamponyoka, ikazimika. Alimsikia Nives kwa mbali akihangaika na mlango. Ili asipagawe gizani, akaanza kuita majina ya wale askari, maana aliyajua yote.

"Bortolussi."

Nyuma ya kifusi, kitu kiligonga mara moja.

Akaita la pili. Kikagonga tena. Aliendelea, kwa kuwa kunyamaza kulimtisha zaidi, mpaka jina la kumi na saba. Hapo mlango ukafunguka, akakimbilia nje bila kuita la mwisho.

"Umemwacha nani humo?" Nives aliuliza, uso umempauka. "Mbona bado anagonga?"

Kulikuwa kunagongwa kweli, polepole, kwa subira. Kisha kukaanza kugongwa haraka haraka.