Nishuke, Mwanangu?

Kaka yangu haisimulii habari hii. Mtu akiigusia, hata kwa mbali, yeye hunyanyuka na kwenda kuangalia kama geti limefungwa, na hukaa huko huko nje mpaka mazungumzo yabadilike. Mimi naisimulia kwa sababu nilikuwepo. Tochi niliishika mimi.

Ilianza kama siku zote. Kaka ni fundi bomba, mtu wa mikono myepesi na maneno mengi. Kwake kulikuwa na gari moja la familia, lile la safu tatu za viti, lililowapeleka watoto shule, yeye kwa wateja na wifi yangu sokoni bila manung'uniko. Mwaka huo mama yake wifi alihamia kwao. Alikuwa mjane, mpole, anayeongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Mguu wake mmoja ulikuwa umekakamaa baada ya maradhi, na daktari alitaka apelekwe kliniki kwa mazoezi. Miadi ilikuwa ya mchana, wifi akiwa kazini. Kwa hiyo kazi ya kumpeleka ikamwangukia kaka.

Na kila alipopanda Mama, gari lilizima.

Asubuhi halikuwa na neno. Mchana, Mama akiwa nyuma, foleni imesimama na jua linachoma bati, injini ilikata ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Wanakaa. Baada ya muda kaka anajaribu tena, linawaka. Mwanzoni alicheka. Halafu akalaumu betri, akalaumu mafuta. Mwishowe akaacha kulaumu vyuma, akaanza kumtazama mama mkwe wake kwenye kioo cha ndani.

"Unajua linazima akipanda yeye tu?" aliniambia siku moja jikoni kwake, sauti ameishusha.

"Kaka, acha hayo."

"Mimi sisemi kitu. Nasema ninachokiona."

Lakini alikuwa amekwisha kusema, na si kwangu peke yangu. Jirani alijua. Mke wa jirani alijua. Watoto waliozoea kuja kucheza uani wakaanza kuitwa kwao mapema, na mwenye duka la kona, ambaye zamani alimletea Mama kiti, sasa alimhudumia akiwa amesimama nyuma ya mlango.

Kilichotokea kilimani nilikisikia kwa mtoto, binti yao mkubwa, nikiwa namsuka. Kaka alikuwa anatoka kliniki na Mama, akawapitia watoto shuleni. Mbele ya geti la shule pana kilima kifupi. Gari likazima katikati ya kilima, saa ambayo wazazi wote wanagombania barabara. Honi zikaanza. Kuna kijiwe cha washona viatu pale, na vijana wa kijiwe hawakosi la kusema. Mmoja akapaza sauti, "Bosi, umebeba nini humo?"

Watu wakacheka. Kaka akashuka, uso umemvimba kwa hasira, akafungua mlango wa nyuma.

"Mama, shuka. Hebu shuka tuone."

Mama alimtazama. "Nishuke, mwanangu?"

"Shuka!"

Akashuka, akishikilia mlango, mguu mbovu ukitangulia. Kaka akarudi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likawaka.

Kijiwe kizima kililipuka. "Eeeh! Bibi ana mambo yake!" Kaka hakusubiri. Alitia gia akaondoka, na watoto wakiwa wamepiga magoti kiti cha nyuma wakimtazama bibi yao akipungua kwenye kioo.

Jioni hiyo nilikuwa kwao, naanua nguo. Mama aliingia getini kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Nikamkimbilia.

"Mama, umetembea kutoka wapi?"

"Nimeshuka tu, mwanangu," akasema. Basi.

Kaka alimwambia mkewe kwamba Mama mwenyewe aliomba kunyoosha miguu. Watoto walikatazwa kuongeza neno. Wiki haikuisha, Mama akaomba apelekwe kwa mwanawe wa mwisho, na huko hakuchelewa. Aliingia kitandani, akageukia ukutani, akafa.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa kaka, na waliokuja walikuwa wachache mno. Wanawake wa mtaa, wale ambao hata akifiwa mgeni hubeba masufuria bila kuitwa, siku hiyo walipita geti kwa haraka. Waliofika walikaa karibu na njia ya kutokea. Wifi alilia akiwauliza watu, "Mama yangu alimkosea nani?" Kaka alikuwa amesimama nyuma kabisa, anakwaruza kucha.

Siku chache baada ya maziko gari likazima tena. Mchana, foleni, jua. Ndani alikuwemo kaka peke yake.

Aliniambia alikaa pale akitazama kiti cha nyuma kilicho kitupu mpaka shati likamganda mgongoni.

Alilipeleka kwenye duka la vipuri, muuzaji akachomeka kile kimashine cha kusomea hitilafu, akamwonyesha. Sensa za injini. Moja hukaa chini karibu na puli, lile gurudumu la mkanda, inaisoma kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Nyingine iko juu kwenye kichwa cha injini, inaisoma kamshafti, mhimili unaofungua vali. Hizo ndizo zinazoiambia kompyuta ya gari pistoni zimefika wapi. Zikichoka, joto likizidi zinanyamaza, na kompyuta isipojua injini ilipo inakata cheche na mafuta papo hapo. Zikipoa kidogo, zinaamka.

"Zinazingua mchana tu, siyo?" muuzaji aliuliza. "Kwenye foleni?"

Kaka alisema ndiyo. Akachukua sensa mbili mpya, akatoka bila kuaga.

Hakutaka fundi magari alishike. Fundi angeuliza limeanza lini, na fundi wake wa siku zote alikuwa miongoni mwa walioambiwa habari za Mama. Akaamua kuzibadilisha mwenyewe, Jumapili, uani, geti limefungwa. Wifi alikuwa amelala ndani, kichwa kinamuuma. Mimi nikaitwa kushika tochi.

Alichomoa waya wa betri. Ile ya juu haikumsumbua: akafinya klipu ya soketi, akafungua boliti moja, akaizungusha mkono huku na huku ikatoka. Ya chini ndiyo ilikuwa shughuli. Aliinua gari kwa jeki, akaweka stendi, akafungua kinga ya plastiki, akalala chali juu ya boksi. Sensa ilikuwa imegandamana na chuma. Alipulizia mafuta ya kulainisha, akangoja, akaivuta taratibu asije akaivunjia ndani.

Ilipotoka hakuinuka. Aliigeuza kwenye mwanga wa tochi. Plastiki yake ilikuwa na ufa mwembamba, ncha imeota unga wa chuma. Akaingiza vidole kwenye lile tundu, akapapasa. Akapapasa nyuma ya puli. Akapapasa juu ya fremu, ndani ya mkunjo wa kinga, kila mahali ambapo kidole kinafika.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

Akaendelea kupapasa. Ndipo nilipoelewa, na nikatamani nisingeelewa. Alikuwa anatafuta hirizi. Uzi mweusi, kitambaa kilichofungwa, chochote. Alikuwa anaomba kikutwe.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na grisi.

Alitoka chini ya gari, macho mekundu, akasema ni vumbi. Akapaka oili kwenye mipira ya sensa mpya, akazisukuma mpaka zikakaa, akakaza boliti, akarudisha soketi na betri. Akawasha. Injini ilishika mara moja, ikatulia. Nilitegemea afurahi. Alikaa tu, mikono kwenye usukani, kama mtu aliyesomewa hukumu.

"Twende tukalijaribu," akasema. "Tulitie joto."

Tulizunguka sana. Foleni, jua, kila kitu. Gari halikukohoa hata mara moja. Wakati wa kurudi tulipita njia ya shule. Ilikuwa Jumapili, geti limefungwa, barabara nyeupe. Tukaanza kupanda kilima.

Injini ikazima.

Haikukwama. Ilinyamaza. Taa za dashibodi zote zikabaki zinawaka sawa, hata redio iliendelea, kisha redio nayo ikafifia yenyewe.

Kaka alizungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena.

Nyuma yetu mlango ukafanya *klak*. Ule wa upande wangu. Haukufunguka wote. Uliachia kidogo tu, kama mtu aliyeshika kitasa na anasubiri ruhusa.

Halafu sauti. Chini sana. Ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Nishuke, mwanangu?"

Sikugeuka. Naapa sikugeuka. Nilitazama mikono ya kaka ikiwa imeng'ang'ania usukani.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Sitaki kukitaja."

Tulishuka. Tukafunga ule mlango bila kutazama ndani, tukalisukuma gari likarudi nyuma mpaka chini ya kilima. Pale chini liliwaka kwa mguso mmoja.

Tulipofika nyumbani kaka akasema, "Nimezifunga vibaya." Siku iliyofuata alizifungua zote mbili upya. Akafuta, akapima nafasi, akakagua waya mmoja mmoja, akarudisha. Kila kitu kilikuwa sawa. Nilimwona akikaza zile boliti zilizokwisha kukazwa, tena na tena, kichwa ameinamisha. Alikuwa anajua. Ila mtu akiwa na spana mkononi ana mahali pa kutazama.

Kisha wifi akasema anataka kwenda kwa mdogo wake kuchukua nguo za marehemu. Njia ni ile ile ya shule. Kaka akapendekeza wazunguke kwa juu.

"Tuzunguke kwa nini?" wifi akauliza.

Kaka akanitazama mimi. Nikapanda nao, nikakaa safu ya mwisho kabisa, maana safu ya kati sikuthubutu.

Ilikuwa mchana wa kazi. Wazazi wamejaa getini, kijiwe cha viatu kiko pale pale. Katikati ya kilima injini ikanyamaza. Taa zikabaki zinawaka.

*Klak.*

Kiti cha mbele yangu kikazama. Nilikiona. Sponji ikabonyea taratibu, upande wa mlango, na gari lote likainama kidogo upande huo.

"Nishuke, mwanangu?"

Wifi aliganda. Kisha akageuka, si kwa hofu. Aligeuka kama mtoto aliyeitwa.

"Mama?"

Honi zikaanza nyuma yetu.

"Kwa nini mama anauliza kama ashuke?" Alimwambia mumewe hivyo, polepole, bila kuondoa macho kwenye kile kiti. "Kwa nini anauliza hapa?"

Kaka akageuka kwenye usukani, akamtazama mkewe. Akamwambia. Alimwambia yote, kwa sauti ya mtu anayetapika, na wifi hakumkatiza. Alipomaliza, wifi alisema neno moja tu.

"Mjibu."

"Mke wangu, watu..."

"Siku ile watu hawakuwepo? Mjibu. Anakuuliza wewe."

Kaka akazima swichi, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Alishuka. Nilimwona akizunguka gari kwa mwendo wa mzee. Vijana wa kijiwe walimtambua, na yule mpaza sauti akaanza, "Bosi, leo tena..." Akaishia hapo, kwa sababu kaka yangu alikuwa amepiga magoti barabarani mbele ya mlango wa nyuma.

"Usishuke, Mama," akasema. Akarudia kwa nguvu, mpaka wa kijiwe wakasikia. "Usishuke. Hukuwa mchawi. Lilikuwa gari bovu. Mimi ndiye niliyekutangaza, na nilidanganya. Nisamehe."

Honi zilikoma. Mmoja wa vijana alivua kofia, akainama kutazama kiatu alichokuwa anakishona. Mama mmoja aliyekuwa amemshika mtoto mkono akageuza uso.

Mlango ukajifunga. Taratibu, mpaka ukabana.

Injini ikawaka.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kaka. Aliutoa akautazama, akanitazama mimi kupitia kioo, na nadhani hakuna siku nimewahi kumwonea mtu huruma kama siku ile.

Wifi alihamia nyuma. Alikaa pembeni ya pale palipobonyea, akaacha nafasi, akaweka kiganja chake juu ya kiti. Tulirudi nyumbani hivyo. Hakulia. Kaka ndiye aliyelia, njia nzima, akiendesha.

Walikaa muda mrefu hawaongei, yeye na mkewe. Sasa wanaongea, lakini ya lazima. Kaka alikwenda nyumba hadi nyumba, kwa jirani, kwa mwenye duka, kwa fundi, akakanusha alichokisema. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwambia yameisha, na hilo lilimuumiza zaidi.

Gari halijazima tena. Alitaka kuliuza. Akaja mnunuzi, akalisifu, akafungua mlango wa nyuma, kisha akajirudisha haraka. "Shikamoo, Mama," akasema kwa adabu, akaufunga. Akamgeukia kaka: "Ungeniambia kuna mtu amepumzika." Kaka akalirudisha gari ndani.

Limeinama mpaka leo, nyuma, upande ule. Mafundi wamepima springi, wamebadilisha shokapu, wamebadilisha springi zenyewe. Linasimama sawa likiwa gereji. Likifika nyumbani linashuka tena. Juzi nimepita kwao asubuhi nikalikuta uani, hakuna aliyeliendesha tangu wiki iliyopita. Matairi matatu yana kashata zake zote, ile mikato ya kushika barabara. La nyuma, upande wa mlango, ambalo kaka alilifunga jipya mwezi huu, limelika mpaka waya unaonekana. Mama aliambiwa asishuke, na hajashuka.