Lifti Si ya Kuombewa

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi, fundi cherehani alifunika mashine yake kwa kitambaa. Alimketisha mama yake kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma hadi hospitali. Mama alikuwa na kidonda cha sukari mguuni. Kilisafishwa kwenye chumba cha vidonda, ghorofa ya pili.

Hospitali ilikuwa mpya, vioo vinang'aa. Lakini lifti ilikuwa imekufa, na hii ilikuwa wiki ya tatu.

Basi yule fundi, binti yake, alimbeba mama mgongoni. Ngazi arobaini na nne. Mlinzi wa mlangoni aliwafuata na kandambili za mama mkononi. Hakuna aliyemwomba.

"Pumueni kwanza," alisema kila walipofika kwenye kona. "Ghorofa haikimbii."

Ijumaa moja, binti aliteleza. Goti lake liligonga ngazi. Mlinzi aliwadaka wote wawili. Hawakuumia sana. Ila walipofika nyumbani mama alisema, "Sirudi tena kule. Utavunjika mgongo kwa sababu ya mguu wangu."

"Mama, muuguzi amesema kidonda kikiachwa, mguu utakatwa."

"Waukate. Nimechoka kubebwa kama gunia."

"Gunia afadhali. Halinung'uniki."

Siku nyingine mama angecheka. Leo aligeukia ukutani.

Jioni alikuja jirani yao, karani wa halmashauri, kupimwa sketi.

"Aa! Dada, unashona sketi au unanishona mimi?"

"Samahani, dada. Pini imeniponyoka. Nimechoka mpaka macho." Na binti akamweleza yote.

"Hamjalalamika?"

"Kwa nani? Hospitali serikali imeiuzia kampuni. Hata hivyo nimeandika barua tatu, nikatia kwenye sanduku la maoni." Alimwonyesha nakala. Karani alisoma kwa sauti: "Yah: Ombi la kutengenezewa lifti. Kwa heshima na taadhima..."

Karani aliikunja barua polepole.

"Mwandiko mzuri. Lakini umekosea neno moja. Umeomba."

"Nisiombe? Nikatukane?"

"Sikiliza. Hospitali haijauzwa. Ule unaitwa ubia. Maana yake, serikali na kampuni wameshika kazi moja pamoja. Ardhi ni ya umma. Madaktari na wauguzi ni wa serikali. Kampuni imejenga, nayo inatunza jengo kwa miaka ishirini: maji, taa, usafi, lifti. Kwa kazi hiyo inalipwa na serikali. Miaka ikiisha, inakabidhi jengo likiwa zima."

"Kumbe lifti ni kazi yao?"

"Imo kwenye mkataba. Lifti ya wagonjwa ikiharibika, wana saa arobaini na nane. Wakizidisha, wanakatwa malipo. Ila saa zinaanza kuhesabiwa taarifa ikiandikwa kwenye daftari la hitilafu. Ombi haliingii humo. Ombi linajibiwa wakipenda. Kuomba, muombe Mungu, dada. Hawa wape taarifa. Wakikaidi, niletee nakala ofisini."

Jumamosi asubuhi, binti alikwenda hospitali peke yake. Goti lilimuuma. Mapokezi alikuwepo mfanyakazi wa kampuni.

"Shida ya lifti? Andika ombi, tia kwenye sanduku."

"Siombi," binti alisema. "Nimeleta taarifa. Naomba daftari la... hapana. Nipe daftari la hitilafu."

Yule mfanyakazi alimtazama kidogo. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari. Kurasa zilikuwa nyeupe. Wiki tatu, watu wote walikuwa wameomba.

Binti aliandika siku, saa, na maneno machache: Lifti ya wagonjwa haifanyi kazi. Akapewa nakala yenye namba.

Jumatatu mama alikataa kuvaa.

"Twende tu, mama. Ikiwa bado imekufa, tunageuza. Sikubebi."

"Uape."

"Naapa."

Walipoingia, fundi wa lifti alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Milango ilikuwa wazi. Mlinzi alisimama pembeni, anatabasamu.

"Mimi nimeshaliandika bomba la chooni kwenye daftari," alimnong'oneza binti. "Tangu mwaka jana nilikuwa naliombea."

Mama aliitazama ile lifti kwa shaka. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza mbili mwenyewe.

Kwenye chumba cha vidonda, muuguzi alifungua bandeji, akainama karibu. "Nyama mpya inaota hapa, mama. Msiache kuja."

"Tutakuja," mama alisema.

Bandeji mpya ilipokwisha kufungwa, muuguzi alichungulia mlangoni. Binti alikuwa kwenye benchi, kichwa ukutani, amelala fofofo.

"Nimwamshe, mkateremke?"

"Mwache alale kidogo," mama alisema. "Lifti ipo."