Kimya cha Tura

"Nipe hiyo simu!"

"Mama, hii ni simu ya reli, si ya posa!"

"Nimesema nipe, Mwanne. Leo atanijibu mimi."

Bi Mwamvita alikuwa ametoka nyumbani, mtaa wa Gongoni, kwa miguu, kanga imemtelemka begani, jasho linamtiririka. Akaupokonya mkonga mikononi mwa bintiye, mle ndani ya chumba cha simu cha stesheni ya Tabora, akaubandika sikioni.

"Haloo! Ni wewe Lugembe wa Tura?"

Kimya.

"Mimi mama yake Mwanne. Abasi fundi cherehani ameleta posa, anataka jibu Ijumaa. Mwanangu hamtaki, ati ana mchumba kwenye simu. Kwenye simu! Haya, nakuuliza na Mungu anasikia: una mke?"

Kimya. Pumzi tu zilisikika, za mtu mzima wa afya.

"Hata shikamoo huna? Nasema, una mke au huna?"

Kimya.

Bi Mwamvita akamrudishia bintiye mkonga.

"Umeshuhudia mwenyewe. Mwanaume asiye na mke angeruka kusema hana. Ijumaa Abasi anajibiwa."

Jamani, mapenzi haya yalikuwa ya ajabu tangu mwanzo! Waya ule mmoja ulipita stesheni zote, na kikazi hakuna aliyeitwa kwa jina. Mtu ni stesheni yake. Mwanne, mpokea simu, alikuwa Tabora, kijana alikuwa Tura. Walianza kwa habari za mabehewa ya mahindi, maana ulikuwa mwaka wa njaa, na watu waliohamishiwa vijiji vipya walikuwa wanasubiri chakula. Kisha siku moja kijana akasema, "Mwangaluka, Tabora." Mwanne, mtoto wa mjini asiyejua Kinyamwezi hata cha kuombea maji, akauliza ndiyo nini. Akaambiwa ni salamu ya asubuhi. Tangu hapo asubuhi isiyo na mwangaluka haikuwa asubuhi.

Hawakuwahi kuonana, hata kwa picha. Kila Lugembe alipoomba likizo aliambiwa, "Mahindi kwanza, ndugu." Ilikuwa sauti tu, lakini Mwanne aliipenda sauti ile kuliko wanaume wote wa Tabora wenye sura zao.

Mama alipoondoka, kengele ikalia.

"Tabora, mama amekasirika?"

"Unaniuliza mimi? Umenifedhehesha, Lugembe! Neno moja tu lingekushinda?"

"Ningesemaje, na yule ni mama yako?"

"Kwani mama yangu ana pembe?"

"Mwanne, mambo mengine hayaelezwi. Unajua mwenyewe."

"Ninachojua ni kwamba una mke. Usinipigie tena ila kwa habari za treni!"

Ikawa hivyo. "Mizigo imetoka Tura." "Nimepokea." Basi. Mwanne akipokea huku machozi yanamlowesha kidevu, na nyumbani shangazi zake wameshaanza kuchambua mchele wa Ijumaa.

Alhamisi, kabla hajakata, sauti ya tatu ikaingia kwenye waya.

"Tabora, Malongwe hapa. Usikate!"

Alikuwa Anselm wa stesheni ya Malongwe, mbeya asiye na mpinzani kwenye reli nzima.

"Anselm! Unasikiliza ya watu?"

"Nasikiliza tangu mwaka jana, acha hayo. Mnanikera! Tura, mbona humwelezi mtoto wa watu?"

"Nimweleze nini asichokijua?" akauliza Lugembe.

"Wa mjini huyu, hajui! Dada, kwetu mwanaume hasemi na mama mkwe mpaka ndoa ifungwe na ampelekee zawadi yake. Akimwona njiani anaingia porini. Wewe umemtia mkwewe sikioni!"

Mwanne akaketi.

"Tura, ni kweli?"

"Nilidhani kila mtu anajua. Mimi nimemhesabu mkwe tangu siku niliyokutaka. Ningemjibu, ningekuwa nimemvua nguo."

"Basi kesho asubuhi mjibu."

"Siwezi, Mwanne."

"Hata ukinikosa?"

"Usinitie kwenye mtihani huo."

"Mtihani ninao mimi, Lugembe! Kesho jioni nitakuwa mchumba wa Abasi, na wewe utabaki na heshima yako."

Akakata. Usiku alimweleza mama yake yote, kwa kwikwi.

"Kwa hiyo ameniita mkwe kabla sijampa mtoto?"

"Ndiyo, mama."

"Maneno matamu hayo. Na wenye wake wawili ndio wenye maneno matamu."

Lakini asubuhi alijitanda kanga mpya, akatangulia stesheni.

"Haloo, Tura. Usiseme. Nimeambiwa huwezi, na mimi sitaki kukuvunjia mila yako. Lakini vidole unavyo. Ukiwa na mke, gonga mara moja. Kama huna, gonga mara mbili. Ukinidanganya, Mungu atakulipa."

Mwanne akaegemeza sikio lake kwenye mkonga, shavu kwa shavu na mama yake. Waya ulivuma.

Ko.

Kisha kimya. Bi Mwamvita akafumba macho. Mwanne akaushika mkono wa mama yake kwa nguvu.

Ko!

"Huna," alinong'ona Bi Mwamvita. "Na huyu mwanangu unamtaka? Gonga mara moja."

Ko! Ko! Ko! Ko!

"Inatosha, utavunja mali ya umma! Abasi nitamjibu mwenyewe. Na wewe Malongwe, najua upo. Funga mdomo."

"Sawa, mama," ikajibu sauti ya Anselm kwa woga.

Mwanne alikuwa analia na kucheka pamoja. Bi Mwamvita akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akausogeza tena mkonga mdomoni.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akakata simu.