Jicho la Gwamaka

Ng'ombe alikuwa amepinda. Bwana Lugano, mwenyekiti wa chama cha wapiga picha wa ridhaa, alikuwa mtu wa tatu kusema, "Mpigaji angeshika kamera wima kidogo," na pale pale ukutani ng'ombe akajinyoosha, mlima nyuma yake ukasogea, hata nzi aliyekuwa puani akaondoka kwa adabu.

Hiyo ilikuwa kazi ya kinyooshi. Kilikuwa chombo kipya, kidogo kama sufuria ya uji, kilichosikiliza maoni ya wanachama na kuyatekeleza. Watatu wakikubaliana juu ya kasoro, kinyooshi kiliifuta isionekane tena popote: ukutani, kwenye simu, hata kwenye nakala ya kwanza. Wakati huo Mbeya ilikuwa imepanda juu kiasi kwamba viazi vililimwa ghorofani, na roboti waliovivuna walivaa sweta. Kuona kitu kilichopinda katika mji huo ilikuwa bahati.

Chama kilikuwa na desturi iliyozitangulia mashine zote. Mwenye picha hasemi neno mpaka wenzake wamemaliza kuikosoa, na anayekosoa hakatizwi mpaka mwenyewe aseme, "Nimemaliza."

Zamu ya Bi Atupele ikafika. Picha yake ilimwonyesha marehemu mumewe, Gwamaka, akicheka jikoni. Aliipiga kwa kamera kuukuu isiyo na mtandao. Nakala ilikuwa hiyo moja tu, na sasa imo tumboni mwa kinyooshi.

"Cheko zuri," alisema Lugano. "Ila jicho la kushoto linaangalia pembeni. Lingenyooshwa. Nimemaliza."

"Kasoro imesikika," kilisema kinyooshi.

"Hata mimi," alisema Bi Subilaga, mwenye duka la vitambaa. "Hilo jicho linanitoa kwenye picha. Nimemaliza."

"Kasoro imesikika mara mbili."

Atupele akashika ukingo wa kiti. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Desturi ni desturi.

Aliyebaki alikuwa Mzee Mwaisumo, mtu aliyewahi kuapa mbele za watu kwamba radi ilimwomba airudie picha yake kwa sababu ilikuwa imefumba macho. Alisimama, akaitazama picha, kisha akamtazama Atupele. Akakohoa.

"Nianze na sufuria ya maziwa pale jikoni," alisema.

Akaisema sufuria mpaka mfuniko. Akahamia kwenye mvuke, akausifu. Akaingia kwenye shati, akauliza kifungo cha tatu kimekwenda wapi, akajijibu mwenyewe kwa kisa kirefu chenye mbuzi ndani yake. Watu wakapiga miayo. Kinyooshi kikasubiri.

"Mzee mwenzangu, jicho!" Lugano alishindwa kuvumilia.

"Unanikatiza, mwenyekiti?"

Lugano akanywea.

"Basi tufike kwenye jicho. Angalieni shingo ilivyogeuka. Jicho la kulia liko kwa mkewe, la kushoto linalinda maziwa yasifurike. Mimi nimecheza bao na huyu bwana miaka na miaka. Jicho moja lilikuwa kwenye kete zake, la pili kwenye kete zangu. Ningewezaje kushinda?"

Kicheko kikapasuka. Subilaga alijiinamisha mbele, akatazama ukutani kama anayeiona picha sasa hivi.

"Jamani, ndivyo alivyokuwa dukani kwangu! Akinisalimia, nageuka kutazama nani yuko nyuma yangu. Ni yeye kabisa. Nayafuta maoni yangu."

"Na mimi nayafuta," alisema Lugano polepole.

Mwaisumo alikuwa amekatizwa tena, na safari hii hakulalamika.

"Kasoro haipo," kilisema kinyooshi, kikaitema picha.

Atupele aliichukua kwa mikono miwili. Sasa aliona ameruhusiwa kusema.

"Asanteni. Asanteni wote, na ninyi mliotaka linyooshwe. Nyumbani picha zake zimejaa ukuta. Simu ilimnyoosha yenyewe kila nilipompiga picha, nami nikafurahi, nikasema mume wangu anapendeza. Sasa wote wananitazama sawasawa, na hakuna hata mmoja ninayemjua. Ninaye huyu tu." Akamgeukia Mwaisumo. "Asante, shemeji."

"Asante ya nini, nami sijamaliza? Mwanga umempiga kisogoni, uso ukaingia giza. Ungemgeuzia dirishani."

Atupele akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Na Gwamaka mwenyewe aliniambia hivyo hivyo. Nikamjibu anyamaze, asiniharibie picha."