Kadi Tatu za Lukamba

Adriano alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza mbili, fuvu limepasuka nyuma ya sikio. Nyundo ya kupasulia mawe ilikuwa kando yake, imegandwa na damu na nywele. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepondwa kimoja kimoja.

Inspekta Lutengano alivua koti, ingawa baridi ya asubuhi ya Juni 1974 ilikuwa inauma, akamfunika marehemu kichwa.

"Pigo la kichwa lilitosha kuua," alimwambia Konstebo Andwele. "Vidole vya nini?"

"Alishika kitu, afande. Hakutaka kukiachia."

Walikunjua kiganja kilichokakamaa. Ndani mlikuwa na pembe ya kadi ngumu, yenye matundu pembezoni. Tundu moja lilikuwa limekatwa mpaka ukingoni.

Kituo hicho kidogo cha vipimo vya maji, nje ya Kizwite, kilikuwa na watu watatu. Adriano alizunguka vijijini akipima visima. Bertilla, karani, aliweka vipimo kwenye kadi. Fanueli alikuwa mkuu wao.

"Ni wezi," alisema Fanueli. "Jana saa kumi niliondoka, nikamwacha mzima. Andika hivyo, Inspekta. Wewe mtu wa kwetu Mbeya, tunaelewana."

"Marehemu naye ana kwao. Kimeibiwa nini?"

"Mtatafuta wenyewe. Ila msinicheleweshe. Keshokutwa malori yanahamishia kaya arobaini Lukamba, kule bondeni, na mkoa unasubiri vipimo vyangu."

Bertilla aliangua kilio. Andwele akamsogezea kigoda, akammiminia chai yake mwenyewe kutoka kwenye chupa.

"Kunywa, dada. Koo kavu haliongei."

"Mdogo wangu Luciana yumo kwenye malori hayo," alisema Bertilla. "Yeye na watoto wanne. Juzi Adriano alirudi akaniambia visima vyote vitatu vya Lukamba ni chumvi tupu, hata ng'ombe wanaanguka. Matundu ya kadi zake nilikata mwenyewe."

"Karani amechanganya!" Fanueli alidakia. "Kadi zipo. Zisomeni. Maji matamu, zote tatu!"

"Tuzisome," alisema Lutengano. "Dada, zinasomwaje?"

Bertilla alifuta machozi kwa kanga. Akatoa rundo la kadi kama mia mbili, na sindano ndefu ya kufumia.

"Kila tundu ni swali, baba. Hili ni la Lukamba. Kwenye kadi za Lukamba nalikata mpaka ukingoni. Nikipitisha sindano na kuinua, nyingine zote zinaning'inia, za Lukamba zinaanguka."

"Ufumaji wa akina mama," Fanueli alicheka. "Miaka sita niko hapa, hiyo sindano sijaigusa."

Bertilla alipitisha sindano, akainua, akatikisa.

Haikuanguka hata moja.

Wakapekua kwa mkono. Kadi tatu zilikuwemo, zimeandikwa kwa wino mweusi: *Lukamba. Maji matamu.* Pembezoni, matundu yote yalikuwa mazima.

"Aliyeandika hizi," alisema Lutengano polepole, "alidhani kadi ni maandishi tu. Wewe usingesahau kukata. Marehemu je?"

"Alijua sindano kuliko mimi. Nikichoka alinimalizia kazi, niwahi kwa wanangu."

Lutengano aliweka mezani ile pembe yenye damu. "Na tundu hili?"

Bertilla aliligusa kwa ncha ya kidole. "La chumvi, baba. Mkato ni wangu."

Fanueli alimrukia Bertilla. Mkono mmoja ulimkaba koo, mwingine ukanyakua sindano na kuizamisha begani mwake. Damu ilitapakaa juu ya kadi. Rungu la Andwele lilishuka, mfupa wa mkono ukalia. Pigo la pili lilimwangusha Fanueli chini, mdomo ukichuruzika. Pingu zikafungwa.

Lutengano alikuwa tayari anafunga bega la Bertilla kwa leso yake. "Andwele, piga simu mkoani. Malori yasiondoke. Na huyo Luciana apelekewe habari, asipakie hata chungu."

Kisha akamgeukia mtuhumiwa. "Sema."

"Mwezi wa tatu nilisimama mkutanoni," Fanueli alisema, "nikaapa kwamba maji ya Lukamba nimeyaonja kwa mdomo wangu. Sijawahi kufika. Joto lile, barabara ile... Watu walinipigia makofi."

"Adriano akakutishia?"

"Laiti angenitishia." Alianza kulia. "Jana jioni Bertilla alipokwisha ondoka, alifunga mlango, akaniambia, 'Mzee, nimekuja kwako kwanza usije ukaaibika. Andika barua mwenyewe, useme umegundua kosa. Sifa iwe yako, mimi nitanyamaza.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, nipe hizo kadi. Akasema, barua kwanza. Nyundo ilikuwa mezani."

"Ukaanza na vidole."

"Hakuziachia. Nilipiga, akashika. Nikapiga tena, akashika. Hakunitukana hata mara moja. Alikuwa anauliza tu, 'Wale watoto watakunywa nini, mzee?' Ndipo nikapiga kichwa, anyamaze."