Wakili wa Upande Wetu

Fundi makochi na mkewe, fundi cherehani, walikuwa wanakaa ghorofa ya tatu. Walikuwa na vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili wakiingia, mmoja lazima atoke. Mtaani waliitwa Baba Pacha na Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zao waliozaliwa siku moja na kuanza kugombana siku hiyohiyo.

Pamoja nao aliishi bibi wa watoto, mama yake Mama Pacha. Miguu ya Bibi ilikuwa imeanza kumkatalia. Akitakiwa kwenda kliniki, Baba Pacha alimbeba mgongoni mpaka chini. Jambo hilo liliwatia haya wote wawili. Mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali kidogo. Basi Bibi alifumba macho njia nzima.

"Nikifumba macho, najiona kama sipo," alisema siku moja.

"Wewe fumba tu, mama," mkwewe alimjibu huku akihema. "Ila mimi nikifumba, tutafika chini mapema zaidi."

Kwa hiyo waliposikia kuna nyumba ya chini inauzwa, walikwenda kuiona wote. Ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza kipana. Mlangoni hapakuwa na ngazi hata moja. Bibi aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Alizunguka taratibu, mkono ukutani, kisha akakaa kibarazani na kusema hana haraka ya kuondoka.

Muuzaji alikuwa fundi wa miwani. Watu walimwita Bwana Tabasamu, na jina lilimkaa sawasawa. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Sasa yeye alitaka kuhamia karibu na binti yake. Aliwaambia wasihangaike kutafuta wakili. Wa kwake ataziandikia pande zote mbili mkataba, na gharama itapungua. Baba Pacha aliona huo ni ungwana. Alitaka wakaweke sahihi wiki hiyohiyo.

Kesho yake jirani wa ghorofa ya chini alikuja kupimwa gauni. Alikuwa mkunga, na kila mtu alimwita Mkunga. Mama Pacha alimsimulia habari njema huku akibana pini kiunoni. Mkunga alisikiliza, mikono juu, bila kutikisika.

"Huyo wakili ni wa nani?" aliuliza.

"Wa Bwana Tabasamu. Lakini atatusaidia sote."

"Sikiliza, mwenzangu. Yule anataka kuuza. Wewe unataka kununua bila wasiwasi. Hayo ni mambo mawili. Wakili wake atalinda ya kwake. Ya kwako atayalinda nani?"

Mama Pacha alitoa pini mdomoni.

Mkunga aliwahi kununua nyumba na kuuza nyumba, na mara zote mbili wakili mzuri alimtoa kwenye matatizo. Alieleza yote aliyojifunza. Mtu awe na wakili wake mwenyewe, aliyezoea kazi za nyumba na viwanja. Hodari wa kesi za wizi huenda hajui njia za ofisi ya ardhi. Aulizie kwenye chama cha mawakili kama leseni ya mtu huyo ni hai. Awaulize watu waliowahi kuhudumiwa naye. Gharama zote aambiwe mapema, kwa maandishi, na ajue ni nani hasa atakayeshika kazi yake. Na asitoe fedha za nyumba kabla wakili hajafanya upekuzi, yaani kuangalia kwenye ofisi ya ardhi nyumba imeandikwa kwa jina la nani, na kama ina deni au kesi.

"Na kitu kimoja zaidi," alisema. "Ukitoka kwake hujaelewa alichosema, tafuta mwingine."

Baba Pacha hakufurahi. Alisema wanawake wawili na futi ya kupimia wamemharibia mpango. Lakini alikwenda na mkewe. Ofisi ya kwanza ilikuwa na viti vya ngozi, na yeye kama fundi alivikagua na kuvisifu. Wakili wa hapo hakuwaacha wamalize sentensi. Kila walichouliza, alijibu wamwachie yeye. Walipouliza gharama, alisema wataongea baadaye. Walipofika nje, Baba Pacha alikiri kwamba alichoelewa mle ndani ni viti tu.

Ofisi ya pili ilikuwa juu ya duka la rangi. Wakili alikuwa mama mwenye miwani ya kamba, na Mkunga ndiye aliyewaelekeza kwake. Chama cha mawakili kilithibitisha kwamba leseni yake ilikuwa hai. Aliwaandikia gharama zote, zake na za serikali. Alisema kazi ataifanya mwenyewe. Kisha akamwomba Mama Pacha arudie kwa maneno yake yale waliyokubaliana. Alipokosea mahali, wakili alieleza upya bila kununa.

Siku chache baadaye aliwaita. Alikuwa amefanya upekuzi. Nyumba haikuwa na deni wala kesi. Lakini bado ilikuwa imeandikwa kwa jina la marehemu baba, na mirathi haikuwa imefungwa. Na marehemu aliacha watoto wawili. Bwana Tabasamu alikuwa na dada.

Baba Pacha alishika kichwa. Alisema mtu mwingine atawahi nyumba. Alimwomba wakili waandikiane kwanza, mengine yafuate.

"Naweza kuwaandikia leo," wakili alisema kwa upole. "Lakini siku dada yake akidai haki yake, mama yenu atatolewa kwenye kile kibaraza. Nitakuwa sijawasaidia."

Baba Pacha alimtazama mkewe, kisha akasema watasubiri.

Walikwenda wenyewe kwa Bwana Tabasamu, bila ugomvi. Walipomtaja dada yake, tabasamu lilimtoka usoni. Alieleza kwamba hawajaongea tangu msiba wa baba yao. Walipishana maneno makali, kila mmoja akashika njia yake. Alidhani dada hataki tena habari za nyumba ile. Wakili wake hakumuuliza, na yeye hakusema.

Mama Pacha alimwomba ampigie dada yake simu. Bwana Tabasamu aliogopa. Mwishowe alipiga, wao wakiwa wamekaa palepale.

Dada alikuja. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye maneno machache. Walikutana juu ya duka la rangi, mawakili wa pande zote mbili wakiwepo. Wote walitegemea vita.

"Mimi sikutaka nyumba," alimwambia kaka yake. "Nilitaka kuulizwa."

Kaka alimwomba radhi mbele ya watu wote, na dada akamshika mkono.

Mirathi ilichukua miezi. Baba Pacha aliendelea kupanda na kushuka na Bibi mgongoni, na kila mara alisema ni mazoezi ya bure. Hatimaye ndugu wale wawili waliweka sahihi pamoja. Malipo yalipitia kwa mawakili, umiliki ukahamishwa, na hati ikatoka kwa majina ya Baba Pacha na Mama Pacha.

Siku ya kukabidhiwa funguo, dada aliomba kuingia peke yake kwanza. Alikaa ndani kidogo, akatoka macho yakiwa mekundu, akamkumbatia Mama Pacha.

"Mngeweza kununua bila kunijua," alisema. "Asante kwa kunitafuta. Nimempata ndugu yangu."

Baba Pacha ndiye aliyejibu. Alisema asante hiyo si yao, ni ya jirani yao.

Jioni ile, wakiwa wameshahamia, aliketi kibarazani na mkewe na kumpigia Mkunga simu. Mkunga alikuwa kazini na hakuwa na muda mrefu. Baba Pacha alimwambia kwamba Bibi amelala chumba cha mbele, mapacha wanagombania dirisha, na yeye mwenyewe hana wasiwasi wowote moyoni.

"Basi kalaleni," Mkunga alisema. "Leo mnalala kwenu."