Fagio la Tumbo

"Mtu anaharisha lami, kaka, na wewe unataka tushangilie?"

"Sijasema tushangilie. Nimesema tusimkatize. Ukimkatiza katikati, uchafu unapanda juu."

"Unapanda juu wapi?" mama yake Chiriku aliuliza.

"Juu," Mjomba alisema, akigusa kichwa chake kwa kidole kama mtu aliyesomea mambo hayo.

Chiriku alikuwa amesimama katikati yao na ndoo ya Bibi mkononi, hana pa kuiweka. Ndoo ilikuwa na kifuniko, ila kifuniko kilikuwa pambo tu. Harufu haikuwa ile ya chooni ambayo kila mtu anaijua. Ilikuwa nzito, na ndani yake kulikuwa na utamu fulani wa kuudhi, kama nyama iliyosahaulika juani. Ilimkaa kooni ikakataa kushuka. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini asubuhi hiyo aliufunga ili harufu isiingie.

Mama yake alikuwa anataka Bibi apelekwe hospitali. Mjomba hakutaka hata kulisikia neno lenyewe. Hospitali, alisema, unalazwa siku moja, ukirudi unakuta umeshauza kitanda cha nyumbani. Isitoshe, yeye ndiye Profesa wa Fagio la Tumbo, mtaa mzima unamjua. Mama mzazi wa Profesa akionekana amelazwa, nani atanunua dawa tena?

"Kumbe ndiyo shida yako," Mama alisema.

Waliomaliza ugomvi si wao. Ni Bibi mwenyewe, aliyekuwa amelala akitazama ukuta, midomo imempauka kama ya mtu aliyekula unga. "Niacheni nimalize chupa yangu," alisema kwa sauti ya mbali. "Ikiisha, mnipeleke mnakotaka."

Mama alimtazama, akamtazama kaka yake, akachukua mkoba wake na kwenda kazini kwenye cherehani. Mjomba akamgeukia Chiriku. "Kamwage hiyo. Halafu uje usage."

Sasa hapo kwenye kusaga ndipo penye kisa.

Zamani Mjomba alikuwa fundi simu. Simu zikabadilika, akawa anazifungua na kushindwa kuzifunga. Ila katika kukaa na wateja aligundua kitu: wote walizungumza mambo mawili tu, maradhi na pesa. Wanaogopa chumvi, wanaogopa sukari, wanaogopa mafuta, na kuliko vyote wanaogopa bili ya hospitali. Mtu akisikia redioni habari za figo, analala usiku kucha ameshika kiuno, na figo yenyewe hajui iko upande gani. Mjomba akajiambia, watu wenye hofu namna hii ni shamba, na shamba halilali bila kulimwa.

Ndipo akabuni Fagio la Tumbo. Tangawizi kwa ajili ya harufu. Majani machungu kwa ajili ya heshima, maana dawa tamu haiaminiki. Vidonge vya kulainisha choo, vilivyopondwa. Na mkaa. Mkaa ndio uliokuwa akili yake yote. Mtu anakunywa, anakimbilia chooni, anatazama chini, anaona kitu cheusi tii. Mwili unamsisimka. Haya yote yalikuwa ndani yangu? Kesho asubuhi yuko mlangoni anataka chupa ya pili.

Aliyesaga mkaa huo ni Chiriku. Kila akitoka shule anaingia chumba cha nyuma, anashika mchi, anatwanga mpaka pua zinakuwa nyeusi ndani. Chujio lilikuwa soksi ya Mjomba. Maji yalitoka kwenye pipa ambamo mijusi walikuwa wakiingia na hawatoki. Mjomba alikoroga kwa mkono wake mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, halafu akajifuta pua kwa mkono huo huo, halafu akaendelea kukoroga. Chiriku aliyaona yote na akanyamaza. Ada yake ya shule ilitoka humo, na viatu vyake pia.

Kilichomchukiza zaidi kilikuwa kile kibenchi cha nje. Wateja walikaa pale kusubiri, wakasimuliana. Dereva wa lori alisema yake jana ilikuwa kama lami ya barabara mpya. Karani mstaafu akamcheka, akamwambia lami tu, yangu ilikuwa na mchanga. Wanazungumza kwa fahari, kama wakulima wanaolinganisha mavuno. Siku moja Chiriku alipita hapo na mkate wake mkononi, akasikia maneno matatu tu, mkate akawatupia kuku.

Basi Bibi naye akaitaka hiyo dawa. Magoti yalikuwa yanamsumbua siku nyingi, akasikia Fagio linatoa kila kitu. Mjomba akampa Chiriku chupa ampelekee.

Hapo Chiriku alishindwa. Bibi ndiye aliyemlea. Bibi ndiye anayemwita "mume wangu" na kumfichia kipande cha mwisho cha muhogo. Ampe maji ya soksi? Akaimwaga chupa mtaroni, akaisafisha kwa mchanga, akachemsha tangawizi na majani ya chai, akatia sukari, akajaza. Ikawa kahawia, ikatosha. Bibi alipoonja alisema dawa ya mwanawe haina uchungu hata kidogo, kweli elimu ni bahari. Chiriku akacheka peke yake. Tangu hapo kila chupa ya Bibi aliibadilisha hivyo, wala hakumwambia mtu.

Halafu Bibi akaanza kutoa cheusi.

Mjomba alifurahi. Bibi alifurahi. Aliyefadhaika ni Chiriku peke yake, kwa sababu ni yeye tu aliyejua kwamba tumboni mwa Bibi hamkuingia hata punje moja ya mkaa. Alichungulia chini ya kitanda, labda Mjomba ameleta chupa nyingine kwa siri. Hakukuwa na kitu isipokuwa chupa zake mwenyewe za chai, na kipande cha gazeti chenye vidonge vya maumivu ambavyo Bibi alivinunua dukani vya kuhesabu, kwa ajili ya magoti. Alivimeza asubuhi, mchana na jioni, hata siku asizokula. Chakula kinataka meno, alisema, vidonge vinataka maji tu.

Chiriku alitaka kusema. Lakini aanzie wapi? Akisema habari za chupa ya Bibi, itabidi aseme habari za mkaa, na akisema habari za mkaa, biashara imekufa, ada imekufa, na Bibi atajua kwamba mume wake amekuwa akimdanganya. Kila siku alijiambia kesho. Na kila siku Bibi akawa mwepesi zaidi, mpaka kutoka kitandani kwenda mlangoni ikawa safari ya kupumzikia njiani.

Ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile ya ugomvi. Chiriku alikwenda nyuma ya nyumba na ndoo. Alimwaga akiwa ameangalia pembeni, akatia maji ya kusuuzia, ikambidi atazame, maana vitu vilikuwa vimegandamana chini, vinanata kama gundi. Maji yalipogusa kingo za ule weusi, yakageuka.

Yakawa mekundu.

Mkaa alikuwa anaujua kuliko alivyojua hesabu. Ukiutia maji unatoa kijivu, unatoa moshi wa maji, lakini mkaa haujawahi kutoa wekundu. Chiriku aliinama ukutani akatapika mpaka kikaja kile cha njano kichungu. Alipomaliza hakurudi ndani kusaga. Alikimbia.

Mama yake alikuwa anashona sare za shule. Chiriku alimwambia yote palepale, mkaa, soksi, mijusi, chupa za chai, ndoo, akichanganya cha mwanzo na cha mwisho, mafundi wengine wamesimamisha mashine wanasikiliza. Mguu wa Mama uliganda kwenye kanyagio.

"Rudia," alisema. "Kwenye chupa ya Bibi ulitia nini?"

"Tangawizi. Majani ya chai. Sukari."

"Na mkaa?"

"Mkaa sikumtilia, Mama. Ile si dawa. Ile ni damu."

Mama aliiacha sare chini ya sindano.

Jirani mwenye gari aliwasaidia. Mjomba alisimama mlangoni, hakuwazuia, aliwaomba tu wapitie mlango wa nyuma ili watu wa kwenye benchi wasione. Mama akampita kama anavyopita nguzo, wakamtoa Bibi kwa mbele, amebebwa kama nguo zilizolowa.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisema Bibi ana kidonda tumboni, kimechimbwa na vile vidonge vya magoti vilivyokuwa vikiingia tumbo likiwa tupu, na kidonda kimekuwa kikivuja damu siku nyingi. Damu ikikaa tumboni hushuka ikiwa nyeusi. Wangechelewa kidogo tu, asingewaahidi kitu. Bibi akaongezewa damu. Mama aliuza cherehani yake ya pili kwa ajili ya gharama, na hakumwomba kaka yake hata senti.

Daktari alipoelezwa habari za Fagio, aliweka kalamu chini, akakunja uso kama mtu aliyekanyaga kitu akiwa peku.

"Mwili una figo, una ini," alimwambia Chiriku. "Hao ndio wafagiaji wake, na hawajawahi kuomba chupa. Choo kikiwa cheusi hivyo, mwili unapiga kelele. Mjomba wako amewafundisha watu kuipigia kelele hiyo makofi. Sasa atakayetokwa na damu kweli kesho, nani atamwamini?"

Bibi alipopata nguvu ya kukaa, alimwita kitandani. "Kumbe, mume wangu, nilikuwa nakunywa chai najihesabu mgonjwa anayetibiwa." Akacheka kidogo, kisha akamshika mkono asiondoke. "Mwanangu alinidanganya kwa tamaa. Wewe ulinidanganya kwa huruma. Na mimi niliyekuwa nakunywa, sikujua ninakunywa nini. Ungeniambia siku ileile ningenuna mpaka jioni, basi, yameisha. Ukweli unauma ukitoka. Ukiufungia ndani, unaoza, na anayeoza nao si wewe peke yako."



Siku Bibi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mjomba alimwita mpwa wake chumba cha nyuma. Alikuwa anakoroga, mkono mweusi mpaka kiwikoni, vinyweleo vimelala vimegandiana.

"Njoo ushike mchi," alisema kwa furaha. "Watu walimwona anatoka amebebwa, leo wamemwona anaingia kwa miguu yake. Nimewaambia Fagio lilishamsafisha, hospitali wamemalizia tu. Benchi limejaa."

Chiriku alidhani amesikia vibaya. "Mjomba, ile ilikuwa damu. Ya mama yako."

"Damu, mkaa, nani anajua tofauti?"

"Mimi."

Mjomba akaacha kukoroga. Akamkumbusha, kwa upole, kwamba ada yake inatoka ndani ya ndoo hiyo. Chiriku akachungulia ndoo. Kulikuwa na povu la kijivu linazunguka polepole, na mguu wa mjusi.

"Ndiyo maana inanuka," alisema.

Alivuka chumba cha mbele, akafungua mlango, akasimama kizingitini. Aliwaambia watu wa benchi wanachokunywa, kitu kimoja kimoja, na nani anakisaga, na kinachujwa kwa kitu gani. Alipofika kwenye soksi, karani mstaafu alikuwa ameshasimama. Dereva wa lori aliitazama chupa yake dhidi ya mwanga, akaigeuza kichwa chini, ikamwagika yote kwenye vumbi. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake mkono, akauliza njia ya zahanati.

Ndani, Mjomba aliita. Hakuita Chiriku, aliita jina lile la shuleni, lote, mpaka la babu. Chiriku alishuka kizingiti, akaurudisha mlango nyuma yake mpaka kitasa kikalia.